Nani Kasema Sista Hawezi?

Mama Makochi alirithi karakana kwa baba yake, na pamoja na karakana akarithi udadisi. Ukimpelekea kochi lililochoka, kabla hajalivua kitambaa atakuuliza ni nani hulikalia upande wa kushoto, maana springi za huko zimekufa kabla ya za kulia. Ukimwambia kesho mvua itanyesha, atataka kujua nani kasema. Mume wake, Mwalimu, ambaye alifundisha jiografia katika sekondari ya jirani, alipenda kuwaambia walimu wenzake kwamba shuleni anatunga mitihani, nyumbani anaifanya.

Wiki ile ya mwisho kabla ya kura za mchujo Mama Makochi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, anakaza mikanda ya chini, misumari midogo imejaa mdomoni. Seremala wa karakana ya pili akaingia na fremu mpya begani. Akaiweka chini, akaikalia.

"Jirani," alisema, "Jumamosi unampigia nani?"

Mama Makochi akatema misumari kiganjani. "Swali gani hilo? Sista ni wifi yangu."

"Sikuulizi undugu. Nakuuliza kura."

Chama kilikuwa kinatafuta mgombea wa udiwani, na katika kata ile aliyepita kwenye mchujo wa chama ndiye aliyekuwa diwani, mengine yalikuwa kukamilisha taratibu tu. Waliojitokeza walikuwa watatu. Wa kwanza ni Sista, dada mkubwa wa Mwalimu, muuguzi aliyestaafu. Nusu ya watu wa kata alikuwa amewadunga sindano, na nusu nyingine amewapokea wakizaliwa. Alitaka mfereji wa nyuma ya soko ufunikwe na wodi ya wazazi ifunguliwe hata usiku. Wa pili ni Mhasibu, mtu mpole, nadhifu, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la viatu. Ukimaliza kuzungumza naye unasahau alisema nini, ila unakumbuka hukuona ubaya. Wa tatu ni mkandarasi mmoja ambaye watu walimbandika jina la Honi, kwa sababu magari yake yenye spika yalizunguka mitaani tangu asubuhi yakimsifu. Honi alikuwa ameahidi jambo moja waziwazi: kuziondoa karakana zote za nyuma ya soko na kujenga maegesho ya kisasa.

"Honi akipita," Seremala aliendelea, "mimi na wewe tukagongee misumari barabarani. Kwa hiyo lazima azuiwe. Sasa nani wa kumzuia? Sista ndiye bora, hilo sibishi. Alimzalisha mke wangu mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kazi. Lakini hawezi kushinda. Kila kura tunayompa Sista tunamnyang'anya Mhasibu, na Honi atapita katikati yetu anacheka. Mimi nampigia Mhasibu. Roho inaniuma, lakini nampigia."

"Nani kasema Sista hawezi kushinda?"

"Kila mtu."

"Kila mtu ni nani?"

Seremala aliichomoa penseli aliyoichomeka sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mimi nilisikia kwa Mama Majora," alisema.

Kitambaa cha lile kochi kilikuwa hakijanunuliwa bado, kwa hiyo Mama Makochi alikuwa na sababu ya kwenda kwa Mama Majora, ingawa angekwenda hata asingekuwa nayo. Alijifuta mikono, akavuka uchochoro. Njiani ile hoja ya Seremala ilimkaa kichwani kama kipande cha sponji kisichoenea mahali pake. Kwa upande mmoja ilikuwa na akili. Kura si salamu kwamba unampa kila unayempenda. Ina kazi, na kazi ya kura yake safari hii ilikuwa kuiokoa karakana. Kwa upande mwingine, kama wote wanaomtaka Sista wanampigia mtu mwingine kwa sababu Sista hana watu, basi hao watu wake wako wapi kama si hao?

Mama Majora alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba. Duka lake lilikuwa limejaa majora ya vitambaa kuanzia sakafuni hadi darini, mpaka mteja alilazimika kuingia kiubavu. Walichagua kitambaa cha kijivu kisichoonyesha madoa. Mkasi ulipoanza kutembea, Mama Makochi akauliza.

"Mwenzangu, wewe unamtaka nani hasa? Kama ingekuwa wewe peke yako unachagua."

"Sista," alijibu Mama Majora bila kusita. "Yule akikuambia kitu hamung'unyi."

"Na Jumamosi?"

"Mhasibu." Mkasi ukasimama. "Usinitazame hivyo. Sista hapati kitu. Nitamtupia kura ipotee?"

"Nani kasema hapati kitu?"

"Mume wangu alitoka nalo kwa Kinyozi. Na Kinyozi unamjua, hasemi asilolijua."

Mama Makochi alilipia kitambaa, akakibeba begani hadi kinyozini. Hakuwa na desturi ya kuingia humo. Wanaume waliokuwa wakibishana kuhusu mpira walinyamaza ghafla kama watoto waliofumwa jikoni. Kinyozi, rafiki wa Mwalimu tangu wakivaa kaptula, alikuwa na mteja mwenye povu kidevu kizima. Wembe aliushikilia hewani.

"Shemeji, karibu. Kuna usalama?"

"Upo. Nimekuja na swali moja tu. Nasikia umesema Sista hawezi kushinda."

Kinyozi alimtazama mteja wake kupitia kioo, kana kwamba yule mwenye povu angemsaidia. "Shemeji, mbona unanitia majaribuni mbele za watu?"

"Sikulaumu. Nataka kujua tu ulilitoa wapi."

"Sasa..." Aliupangusa wembe kwa taulo taratibu, pande zote mbili. "Mimi mwenyewe nilikuwa wa Sista. Hapa hapa nilikuwa nawaambia watu wampe. Halafu siku moja akaja mtu, akaketi kwenye kiti hicho hicho, nikamuuliza anaonaje. Akasema, kwa kweli hatashinda. Na mtu mwenyewe si wa kutiliwa shaka, maana wamelala tumbo moja."

"Mwalimu?"

"Sikumtaja," alisema Kinyozi. "Umemtaja wewe."

Yule mteja mwenye povu akashindwa kujizuia, akacheka, povu likamwingia puani.

Mama Makochi alirudi karakanani akafanya kazi hadi jioni, lakini mikono yake ilikuwa mbali na akili. Hasira alikuwa nayo kidogo, ila kilichozidi kilikuwa mshangao. Maneno yale yalikuwa yametoka nyumbani kwake, mezani kwake, yakazunguka soko zima, yakamrudia kwenye mdomo wa Seremala yakiwa yamevaa suti. Na njiani kote hakuna aliyeyauliza kitambulisho.

Alimkuta Mwalimu sebuleni anasahihisha ramani walizochora wanafunzi. Mmoja alikuwa ameupandisha mto mlimani.

"Baba watoto, ulimwambia Kinyozi kwamba dada yako hatashinda?"

Mwalimu alivua miwani. Hakujua kusema uongo, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu wa kusema machache. "Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza."

"Ungeweza kusema hujui."

"Lakini nilikuwa najua. Sikulizua kichwani mwangu. Dada mwenyewe ndiye aliyeniambia, siku ile alipokuja kutuarifu kwamba amejitosa. Wewe ulikuwa jikoni. Alisema, 'Sitashinda, ila nitajaribu.' Nikadhani amepiga hesabu zake. Yeye ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba, mimi nakaa na ramani."

Mama Makochi aliketi. Alianza kucheka, akaona haifai, akanyamaza, kisha akacheka tena. Mwalimu alimtazama kwa wasiwasi.

"Nimefanya vibaya?"

"Sijui bado," alisema mkewe. "Ngoja niulize."

Kesho yake mchana alikwenda kwa wifi yake. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kanga aliyojifunga kichwani ilikuwa imeloa jasho. Kando yake yalikuwa mabango machache yenye picha yake, katika picha hiyo akiwa mkali kama mtu anayekataa kupigwa picha.

"Wifi, kata hii ina ngazi nyingi," Sista alisema kabla ya salamu. "Nilikuwa sijui. Wagonjwa walikuwa wanakuja wenyewe."

Mama Makochi alivuta kigoda kingine. Alimsimulia safari yote, kuanzia kwa Seremala, kwa Mama Majora, kwa Kinyozi, mpaka mezani kwa Mwalimu. Sista alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyozoea kuwasikiliza watu wakieleza wanapoumwa. Mwisho akatikisa miguu ndani ya maji.

"Kumbe nimejiua mwenyewe," alisema.

"Ulipiga hesabu?"

"Hesabu gani? Niliogopa. Mtu akitangaza mapema kwamba hatashinda, akishindwa hakuna wa kumcheka. Miaka yote hiyo, wifi, nikishika sindano nawaambia watu haiumi. Safari hii sindano ilikuwa yangu. Nikajiambia itauma, ili nikae tayari. Sikujua kwamba huyu ndugu yangu atakwenda kuitangaza kinyozini."

Wakacheka wote wawili. Halafu Mama Makochi akauliza lile alilolijia.

"Sasa wifi, mimi nifanye nini? Nikikupigia wewe na Honi akapita, karakana ya baba inakwenda. Nikimpigia Mhasibu..."

"Hapo hapo," Sista alimkatiza. "Hilo usiniulize mimi. Ukiniuliza nitakuambia nipigie, kwa sababu hiyo nafasi naitaka, sasa naitaka kweli. Au nitajitia mwema nikuambie kampigie Mhasibu, halafu nisilale. Kapige unavyoona mwenyewe. Na ukishapiga usiniambie. Bado nataka kuja kula kwako Jumapili."

Mama Makochi aliona njia bado ipo. Kama neno lilienea kwa mdomo, litazimwa kwa mdomo. Alirudi sokoni akaanza kulifuata nyuma, mtu kwa mtu. Kwanza alimwendea Mama Majora, akamweleza kwamba hakuna aliyepiga hesabu yoyote, ni Sista mwenyewe aliyesema kwa woga tu.

Mama Majora alitua jora aliloshika. "Ati mwenyewe kasema hatashinda?"

"Kwa woga."

"Lakini kasema mwenyewe."

"Ndiyo, ila..."

"Basi mwenzangu, mwenye jambo lake akishasema hivyo, sisi wengine ni nani?"

Kufikia jioni Seremala alikuwa analo tayari, tena likiwa limeongezwa chumvi: kwamba Sista amekata tamaa, kwamba amelia, kwamba amewaomba watu wasimpoteze Mhasibu. Mama Makochi alijaribu kumweleza kisa chote kilivyokuwa. Seremala alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Jirani, hata kama lilianza kwa utani, sasa watu wameshaliamini. Na wakishaliamini hawampigii. Kwa hiyo ni kweli. Limekuwa kweli likiwa safarini."

Usemi huo ulimkera Mama Makochi kwa sababu hakupata pa kuushika. Alijua lile neno lilikotoka, na kujua huko hakukumsaidia kitu. Kungemsaidia tu kama wengine wote nao wangejua, na wakajua kwamba wenzao wanajua. Hakuwa na spika juu ya gari.

Jumamosi walipigia kura katika shule ya msingi. Foleni ilianzia langoni, ikapinda kwenye mabomba ya maji, ikaishia mlangoni mwa darasa la kwanza. Kila mtu ameshika kadi yake ya chama. Magari ya Honi yalikuwa yameegeshwa nje ya uzio, na muziki wake ulitingisha vioo. Mwalimu alikuwa amepiga mapema na kwenda zake. Nyuma ya Mama Makochi mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia jirani yake kwamba mtoto huyo alizaliwa mikononi mwa Sista. Yule jirani akauliza, basi unampa yeye? Mwenye mtoto akainua mabega tu. Mama Makochi alitamani kugeuka amuulize zaidi, lakini foleni ikasogea.

Ndani walikuwa wameweka madawati ya watoto na kuyazungushia makaratasi magumu ya maboksi ili mtu apate siri. Ilimbidi ainame sana. Picha tatu zilikuwa mbele yake: Sista na ukali wake, Mhasibu ambaye hata pichani hakumbukiki kwa ubaya wala kwa uzuri, na Honi aliyetabasamu meno yote. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi.

Alifikiri angeamua haraka. Hakuamua. Aliiwaza sakafu ya karakana, mahali palipochimbika kwa magoti ya baba yake na sasa yake. Akamwaza Sista, miguu ndani ya beseni, akisema "sasa naitaka kweli". Aliujua ukweli kuliko yeyote aliyepanga foleni ile, na ukweli huo ulikuwa hivi: watu wengi wanamtaka, watu wengi hawatampigia, na yeye hana namna ya kujua ni wengi kiasi gani. Msimamizi akakohoa. Mama Makochi akaweka alama kwa Mhasibu, akaikunja karatasi, akaisukuma ndani ya sanduku, na hata kabla ya kutoka nje alijisikia kama mtu aliyefunga mlango akaacha kitu ndani asijue ni nini.

Walihesabu alasiri hiyo hiyo, mbele za watu, wakichora vijiti kwa chaki ubaoni. Seremala na Mama Makochi walisimama dirishani pamoja na umati. Vijiti vya Mhasibu vilianza kuongoza, na hilo halikumshangaza mtu. Kisha vijiti vya Sista vikaanza kumkaribia. Mstari wake ulifika mwisho wa ubao, ukashuka chini, ukaanza mwingine. Watu walianza kutazamana. Mstari wa Honi ulikuwa mfupi tangu mwanzo na ulibaki mfupi, hata aliyekuwa anachora alifika mahali akawa anasubiri jina lake litajwe kana kwamba wamelisahau.

Mwisho Mhasibu alishinda. Alimpita Sista kwa kura ambazo waliozipiga wangeweza kupanda basi moja na viti vikabaki. Honi alikuwa mkiani, mbali kabisa.

Muziki nje ya uzio ulikuwa umeshazimwa, na magari yalikuwa yanaondoka moja moja bila kelele.

"Jirani," Mama Makochi aliuliza taratibu, "nani alisema Honi atashinda?"

Seremala alifikiri kwa dhati. "Mimi nilimsikia mwenyewe," alisema. "Kila siku. Akipita na magari yake."

Mama Makochi alishika nondo ya dirisha. Wiki nzima alikuwa ameifukuzia nusu moja ya hesabu ya Seremala mpaka kwenye beseni la maji ya chumvi. Nusu ya pili, ile iliyomtia hofu, hakuiuliza chochote. Aliikubali kama watu wengine.

Jioni Mwalimu alikula kidogo akasukuma sahani. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena, na mkewe akajua kuna neno linatafuta mlango.

"Nilimpigia Mhasibu," Mwalimu alisema. "Kwa ajili ya karakana yako. Nilidhani wewe utampa Dada, basi nikasema mmoja wetu afanye hesabu."

Mama Makochi alimtazama mume wake, mtu aliyefundisha jiografia kwa miaka yote hiyo akiishi na mwanamke anayeuliza kila kitu, na ambaye hakuwa amemuuliza hilo moja.

"Na mimi vilevile," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Sista hakuja Jumapili. Alituma salamu kwamba amelala mchana kutwa, miguu inamdai usingizi. Alikuja katikati ya wiki, moja kwa moja karakanani, akaketi kwenye lile kochi la kijivu lililokuwa limekamilika likimsubiri mwenyewe. Alionekana kijana kuliko kwenye mabango.

"Nilidhani nitapata kura za ukoo," alisema. "Wifi, uliona ule ubao? Leo Mhasibu kaja nyumbani. Ananiomba nishike kamati ya afya, na mfereji ameuandika wa kwanza kwenye ahadi zake. Nimemwambia nitafikiri, ili asinizoee." Alipapasa mkono wa kochi. "Ila kuna jambo linaniwasha. Ningependa kujua waliokuwa wananitaka wakaenda kupiga pengine. Walikuwa wangapi? Hilo ubao hausemi."

Mama Makochi alikuwa ameshika nyundo. Aliiweka chini. Alikumbuka kwamba alikatazwa kusema, na akaona kwamba sasa anaulizwa.

"Wawili nawajua," alisema.

Sista alimtazama kwa muda, kwa jicho lile lililokuwa likiona homa kabla ya kipimo.

"Mmoja ni ndugu yangu," alisema hatimaye. "Tangu jana akiniona anavua miwani." Mama Makochi hakuyakwepa macho yake, ingawa masikio yalimchoma. "Iliuma kidogo," Sista alisema. "Kidogo kuliko nilivyotegemea. Na wewe, kwa nini?"

Ndipo Mama Makochi alipovuta kiti, akaketi mbele ya wifi yake, akaanza kumweleza: sakafu, baba, kalamu yenye uzi mfupi, na Honi ambaye hakumuulizia. Sista alikuwa na maswali mengi. Aliuliza moja, akauliza jingine, akataka kujua yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa nani na mabega aliyainua vipi, na mwenye kochi alipofika kulichukua aliwakuta bado wamelikalia, akalazimika kusubiri.